Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafuga Nyuki, Tabora

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi naanza na kitalu, maana ndicho mnachoniulizia kila mahali.

Miche imekufa yote. Muuzaji alituambia ni mbegu za erika, kichaka cha asali cha Kilimanjaro. Chache ziliota, zikavumilia hadi Septemba, kisha jua la Oktoba likazimaliza ingawa vijana walimwagilia asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyeidhinisha ununuzi ule bila kuuliza jina kamili. Naomba radhi.

Jina hilo lingetuokoa. Pakiti ilikuwa imeandikwa Calluna vulgaris. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alikiweka kichaka hicho pamoja na erika. Mwaka 1802 Salisbury, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, akakitenga, akakipa jina la Calluna kutokana na neno la Kigiriki la kufagia na kupendezesha, kwa kuwa matawi yake yalifungwa mifagio, kama sisi na chelewa. Kwao ni Ulaya, kwenye nyanda za baridi na unyevu kama za Uskoti, penye udongo mchachu usio na rutuba. Erika za Kilimanjaro ni ndugu zake tu, na hata hizo ukanda wake mkubwa uko juu, karibu meta 3,000 na zaidi. Sisi tuko meta 1,200, na mvua ikikatika Mei tunaisubiri hadi Novemba. Kingeishije hapa?

Asali yake ni ya ajabu kweli: huwa kama jeli ndani ya sega, haitoki kwenye mashine ya kuzungusha mpaka ikorogwe. Naelewa tulivyoitamani. Lakini hata kingestawi ningeogopa, kwani New Zealand walianza kukipanda katika hifadhi ya Tongariro mwaka 1912 kwa ajili ya ndege wa kuwindwa, na leo kinasonga mimea ya asili hifadhini.

Mitundu na miyombo, miti yetu ya asili, haihitaji kitalu, inahitaji kuepushwa na moto. Mwaka huu moto ulipita upande wa mashariki mitundu ikiwa na maua, na wenzetu wa huko wakarina masega matupu. Kamati imeamua fedha za kitalu zilizobaki zilime barabara za kuzuia moto.

Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Mei, nyasi zikiwa bado mbichi. Kila mmoja aje na jembe na panga. Chakula kitapikwa hukohuko porini.