Mnaotaka kuhamia huku, njooni muone Novemba

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na ndugu zetu wa Dar, maana siku hizi kila ukikutana na mtu anakwambia amechoka foleni anataka ahamie mkoani akapumzike. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa Mbagala, sasa niko Mpwapwa na sina mpango wa kurudi, kwa hiyo siwakatazi. Shida yangu ni huo muda mnaokuja kukagua.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mtu anaondoka Dar asubuhi mchana yuko Dodoma, anaunga gari la Mpwapwa au Kongwa au Kondoa, na karibu wote naowaona wanakuja mwezi wa sita au wa saba watoto wakifunga shule. Sasa mwezi wa saba huku nani asipapende? Watu wametoka kuvuna, debe la mahindi liko chini, alizeti na karanga zimejaa, kaubaridi kazuri, harusi kila Jumamosi, kila mtu ana hela mfukoni anacheka. Mgeni anasema hapa ndo penyewe, anatafutiwa kiwanja na dalali, analipa, anarudi Dar kufungasha.

Huku kati jamani mvua ni msimu mmoja. Inaanza Desemba na ikijitahidi sana inafika Aprili, sio kama nyie wa Pwani mna vuli na masika. Kwa hiyo hela ya mji mzima, hata ya sisi ambao jembe hatulijui vizuri, inatoka kwenye huo msimu. Julai mteja analeta kitenge cha harusi analipa yote siku ya kupimwa. Ikifika Oktoba kazi ni viraka na zipu, na mtu anakwambia fundi niandikie nitakulipa nikivuna, na mvua yenyewe bado haijanyesha hata tone! Januari ndo mbaya zaidi maana ndo sare za shule, cherehani haipumziki, lakini ndo wakati wa palizi na ghalani hamna kitu, kwa hiyo unashona mpaka usiku na daftari la madeni linanenepa. Wanalipa lakini, hilo niseme ukweli. Mbagala mteja akipotea amepotea, huku najua kwake, najua shamba lake, na mama mkwe wake ananunua nyanya pembeni yangu. Wengine wanalipa kwa debe la choroko na mimi napokea.

Na Novemba sasa. Joto, upepo, vumbi linaingia mpaka kwenye overloki, maji mtaani kwetu yanatoka kwa kuruka siku na dumu la mkokoteni linapanda bei, mahindi yaliyouzwa rahisi Julai yakapelekwa Kibaigwa, lile soko kubwa la nafaka kule Kongwa, sasa unayanunua kwa bei ambayo hata huelewi. Mtu aliyekuja na hela ya kiwanja na tofali tu, akitegemea eti maisha huku ni bei chee, hapo ndo anaanza kuulizia nauli.

Halafu hayo mambo ya kupumzika. Huku msiba wa jirani unafunga duka unaenda, na hauendi nusu saa kama Dar unaweka rambirambi unaaga, unakaa, unateka maji, unapika. Usipoenda hakuna atakayekusema, ila siku yako utawaona wako wachache. Faida zipo, mwanangu anaenda shule kwa miguu, mchana narudi nyumbani nakula ugali wa uwele na mlenda wa moto, usiku nalala. Hizo mmeshazisikia.

Kingine, mnaokimbia msongamano hesabuni vizuri. Sensa ya 2012 mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo, ya 2022 tumezidi milioni 3. Serikali imehamia, watu wanaifuata, na kila familia inayokuja kununua kiwanja bila kuuliza bei inawapandishia na vijana wa hapa hapa ambao hela yao ni ile ya gunia.

Kwa hiyo kama unataka kuja, njoo Novemba ukae wiki, lala gesti ya kawaida, nunua unga dukani, teka maji. Ukiona unaweza, hamia, ila uwe na hela ya kula mpaka Mei. Na nyie wa gazeti, mkituma waandishi kupiga picha za maisha matamu ya mikoani wapangieni na huo mwezi, na kama nafasi ipo wekeni bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa kila wiki. Mtu akiisoma toka Julai mpaka Februari atajua maisha ya huku yakoje bila kuniuliza mimi, maana simu za ndugu wanaotaka ushauri zimenichosha.

Fundi cherehani,
Mpwapwa