Viwanja vya umma na vitabu vya maktaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na halmashauri zetu. Viwanja vingi vya michezo vya umma bado hukodishwa kwa kumpigia simu msimamizi. Anayemfahamu hupata Jumamosi jioni. Asiyemfahamu huambiwa kumejaa, kisha akipita anakuta nyasi tupu. Hong Kong, ambako madalali wa viwanja walikuwa sugu, walizindua mfumo wa SmartPLAY mwaka 2023: mtu hujisajili kwa jina halisi, na saa zinazogombewa huchezeshwa droo. Sisi vitambulisho vya NIDA tunavyo na kulipa kwa simu tumezoea. Kinachokosekana ni ratiba ambayo kila mtu anaiona.

La pili ni maktaba. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mwaka 1967, akitaka wananchi wasome. Leo rafu za mikoani zimejaa vitabu vya msaada ambavyo hakuna aliyeviomba, huku riwaya mpya za Kiswahili zikitafutwa kwa tochi. Liwekwe daftari mapokezini, wasomaji waandike wanachotaka, na fungu la ununuzi lianzie humo. Orodha ya vilivyonunuliwa ibandikwe ukutani, pamoja na bei zake.

Msomaji wako,
Morogoro