Kamera haikuanguka

Mbeya, Februari

Rehema mpenzi,

Habari za siku nyingi, za kazi, za joto la Dar? Huku wazima, mvua tu, nguo hazikauki na umeme unakuja unapojisikia. Mama anakusalimu, anaulizia kapu lake. Nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Nilipokutumia zile picha za maua ya Kitulo, ile hifadhi ya milimani, ulinijibu, "Kamera ilianguka au ulikuwa unatetemeka kwa baridi?" Ukaona haitoshi, ukamwonyesha na Bakari. Nikanyamaza tangu Krismasi. Si kwamba nilinuna. Haya, nilinuna kidogo, lakini zaidi nilikuwa natafuta jibu ambalo mtu wa mimea kama wewe hataweza kulicheka.

Kamera haikuanguka, naitikisa makusudi. Nabana tundu la lenzi hadi f/22, ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, naiweka 100, na shata, kile kipazia kinachopitisha mwanga, inakaa wazi robo sekunde, pengine nusu. Mkono unaanza kutembea kabla sijabonyeza na hausimami hadi shata ifunge, la sivyo mistari inakatika ghafla na picha inakuwa na kigugumizi. Kile kitulizi cha mtikisiko nakizima kabisa, maana kazi yake ni kupinga hicho hicho ninachokitaka. Jua likiwaka, robo sekunde inaunguza kila kitu kikawa cheupe, kwa hiyo ule ukungu ulioulaani siku ile mimi naushukuru. Ukikosekana nafunga kichujio cheusi mbele ya lenzi. Vumbi ndilo linaloniua. Ukibana tundu kiasi hicho, kila kipunje kilichokaa ndani ya kamera kinatokea kwenye picha, nami nashinda usiku nayafuta madoa.

Wala si wazimu wangu peke yangu. Ernst Haas, yule Mwaustria, alipiga picha za mchezo wa mafahali Hispania kwa shata ya polepole miaka ya 1950. Filamu za rangi za enzi hizo zilikuwa nzito kushika mwanga. Wenzake walilalamika, yeye akauacha mwendo ujichore.

Najua utakachosema. Fahali hata umvuruge vipi ni fahali, lakini okidi ya Satyrium bila vile vipembe viwili vya nyuma ni kitu gani? Hapo umenishika, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Picha ambayo ingeweza kuwa ua lolote, au khanga kwenye kamba, haina maana hata ikiwa nzuri, na za namna hiyo nimefuta nyingi. Siku hizi naanza kwa kulitazama ua linavyosimama. Kniphofia limejisimamia wima, basi nalivuta kutoka chini kwenda juu na rangi ya moto inapanda nalo. Ukilifanyia hivyo jeraniamu limekwisha, linageuka mvua ya waridi. Lile liko chini, limetandaa, linataka mkono upite pembeni, kidogo tu. Yale ya jamii ya asta nazungusha kifundo cha mkono, kitovu kinabaki mahali pake huku petali zinazunguka. Okidi bado zinanishinda. Nikienda polepole zinapotea, nikienda haraka inakuwa picha ya kawaida iliyoharibika, nikijaribu katikati... basi, utaona mwenyewe.

Na usinikaripie sana, kwa sababu nanyi mnalikandamiza ua ndani ya gazeti hadi linakuwa kahawia, mnaliandikia jina la Kilatini, mnasema ndilo lile.

Kuna jambo jingine. Picha za okidi zilizotoka kali, zile zinazoonyesha bonde na mgongo wa kilima nyuma yake, sizitoi kwa mtu. Hifadhi ipo tangu 2005, lakini unajua chikanda, kile chakula cha viazi vya okidi, inavyopendwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, na ukichimba kiazi mmea umekwenda. Yule kijana aliyetupandisha zile kona za Chimala, Hamsini na Saba, kwa pikipiki ameniuliza mara mbili nilipigia wapi. Pengine anapenda maua tu. Pengine. Hizi zilizotikisika nazitoa bila wasiwasi, hakuna kilima wala njia ndani yake.

Sasa naomba msaada. Mwenye nyumba ya wageni mmoja hapa mjini anataka kutundika picha kumi na mbili ukumbini, na chini ya kila moja anataka jina la ua. Nimekuwekea zote kwenye kadi ndogo ndani ya bahasha hii, zina namba tu. Wewe uliyezoea aina 350 za mimea ya Kitulo, okidi 45 zikiwa ndani yake, niandikie kila moja ni nini, kwa macho tu, bila kitabu na bila kumwita profesa wako. Usiyoitambua haitundikwi. Nimemwambia mwenye nyumba hivyo, akaniona mjinga.

Utaweza kabla ya mwezi kuisha? Ukikwama, kinachokukwamisha ni rangi au umbo? Na zile sampuli zenu zilizokaushwa, kuna rangi yoyote inayodumu, au mnaandika tu pembeni lilikuwa la zambarau? Likizo umepewa lini, maana Aprili ikipita hutakuta kitu? Kona za Chimala bado unazipanda umefumba macho? Bakari naye anaoa kweli au ni maneno ya watu?

Wako,
Atupele

Namba saba usijisumbue nayo sana. Ng'ombe wa shamba la Kitulo alipita mbele ya lenzi, na mwenye nyumba ya wageni ndiyo anayoipenda kuliko zote.