Tarehe ya seva si tarehe ya Nairobi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua. Jambo lenyewe ni la kompyuta lakini linagusa kila mtu ako na duka, kliniki ama ofisi ambayo rekodi zake zinaandikwa kwa mashine kila siku.

Mimi naangalia kompyuta za maduka kadhaa ya jumla huku Kamukunji. Kwa duka moja la sufuria, kompyuta ya kaunta inaandika faili moja ya mauzo kila jioni, na nilikuwa nimeweka skripti, yaani faili ya komandi ambazo mashine inafuata yenyewe, kwa seva yao, ile kompyuta ya kutunza faili, iamke saa nane usiku, itafute faili ya jana, iikopi kwa diski ya nje. Miezi mingi hakuna shida. Halafu Jumanne moja asubuhi kompyuta ya kaunta ikakataa kuwaka kabisa, mama mwenye duka akaniambia, "Kijana wangu, si uko na kopi, nitolee ya jana, watu wa deni wanakuja saa nne." Nikafungua diski, nikaangalia faili ya mwisho, ni ya Jumapili. Ya Jumatatu haiko. Skripti haikuwa imelalamika hata mara moja, na tulikaa chini na mama na vitabu vya risiti, zile kopi za kaboni zimefifia, tukiandika mauzo ya Jumatatu upya moja moja hadi jioni.

Kilichotokea ni hiki. Seva ilikuwa inasoma saa za UTC, ile saa ya kimataifa, na Kenya tuko mbele masaa matatu mwaka mzima. Nililijua hilo, ndio maana niliipangia saa tano usiku kwa saa yake ili iwe saa nane yetu. Saa nilihesabu, tarehe nikaisahau! Huku kwetu ilikuwa tayari Jumanne, kwake bado ni Jumatatu, kwa hivyo skripti ikisema "jana" inapewa Jumapili. Kila usiku ilikuwa inakopi faili ya juzi na kila kitu kinaonekana sawa kwa sababu kila asubuhi kuna faili mpya kwa diski.

Dawa yake ni mstari mmoja, nauandika hapa mtu aukate aweke:

jana=$(TZ=Africa/Nairobi date -d yesterday +%F)

Hapo "jana" ni kigeu, yaani kisanduku chenye jina, na ndani yake inaingia tarehe ya Nairobi ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2024-03-05. Usiache nafasi kando ya ile alama ya sawasawa, skripti itakataa. Ukiandika majina ya faili hivyo, mwaka mbele, zinajipanga zenyewe kwa folda, lakini ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zinakaa pamoja. Halafu kutafuta kwa komandi ya find na kukopi kwa cp:

find /mauzo -name "mauzo-$jana*" -exec cp -p {} /bakapu/ \;

Zile alama za kunukuu ziwe mbili mbili ("), ukiweka moja moja (') find itatafuta faili inaitwa $jana na haitaipata milele. Hiyo -p inabakisha saa ya asili ya faili. Na kwa tarehe chunga herufi, %m ni mwezi, %M ni dakika, nimeona kijana amehifadhi faili za mwezi wa 47. Kitu kingine, ukiandika hiyo date moja kwa moja ndani ya crontab, ile orodha ya kazi za seva na saa zake, badala ya kwa skripti, kila % lazima itanguliwe na \ la sivyo komandi inakatwa hapo hapo. Wengine wanapenda kuipa find -mtime 1, yaani itafute kwa umri wa faili, wakidhani maana yake ni jana, hapana, find inahesabu masaa 24 kurudi nyuma kutoka dakika ile inaanza kazi, haijui usiku wa manane ni nini.

Sasa ombi langu Mhariri. Nimepokea vijana wa atachimenti kutoka kolegi tofauti, wote wanajua date inatoa tarehe, lakini ukiwauliza tarehe ya wapi wananyamaza, na hawa ndio kesho watawekwa kulinda rekodi za wagonjwa na mishahara ya watu. Walimu wawafundishe na saa za seva iliyo mbali, wawape skripti iliyopotoka tarehe waitafutie kosa wenyewe. Na gazeti lako, vile linampa mkulima ukurasa wake, litupe hata safu ndogo ya kompyuta kwa Kiswahili, kwa sababu wengi wanaofanya hii kazi mitaani walijifunza kwa kuangalia mwenzao na hakuna aliyewaelezea kwa lugha wanayoongea siku nzima.

Kwa wenye maduka, usingoje mashine ife. Fungua diski kila asubuhi uangalie jina la faili ya mwisho kama ni ya jana kweli. Yule mama wa sufuria sasa anafanya hivyo kabla hajafungua kaunta, ananitumia hiyo tarehe kwa simu, na leo saa moja na nusu nimeipata na ilikuwa sawa.

Fundi wa kompyuta,
Kamukunji, Nairobi