Wageni wa Sirius hawakufuata maji

Mhariri,

Tamthilia za kisayansi zikijadiliwa magazetini, lawama nyingi huangukia picha: mavazi ya bei poa, ngozi ya mjusi inayoonekana wazi kuwa ni mpira. Swali ambalo askari yeyote wa upelelezi huanza nalo haliulizwi: mhalifu alitaka nini? Naomba nafasi niwaulize hilo Wageni wa tamthilia ya Marekani iitwayo V, iliyorushwa na NBC mwaka 1983. Sababu waliyopewa imerudiwa mara nyingi tangu hapo, na ukiipigia hesabu haisimami.

Kwa wasioikumbuka: vyombo 50, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita 5 hivi, vinakuja kuelea juu ya miji mikubwa. Wageni wanafanana na sisi, ila chini ya ngozi hiyo ya bandia ni mijusi; wanadai wametoka kwenye sayari ya nyota Sirius, na wanaomba wasaidiwe kutengeneza kemikali fulani. Mpigapicha wa televisheni, Mike Donovan, anajipenyeza ndani ya chombo na kuwakuta wakimeza wanyama hai. Baadaye Martin, Mgeni anayewapinga wakubwa zake kwa siri, anamfungulia mambo: maji yote ya dunia yatachukuliwa, watu watakuwa kitoweo, na baadhi yao watapelekwa vitani.

Tuanze na maji. Ili kilo moja ichomoke kwenye mvutano wa dunia inahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde, sawa na nishati ya megajuli 63 hivi. Kwa hesabu ya LUKU, tani moja itakula uniti 17,400 za umeme, na hapo hujagusa kinachopotea kwenye injini. Mtambo wa kisasa wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hutumia uniti 3 hadi 4 kwa tani hiyo hiyo. Mwenye uwezo wa kulipa bili ya kwanza hana shida ya maji. Angesafisha yaliyochafuka kwao.

Halafu kuna ujazo. Tuwape vyombo vyao unene wa wastani wa mita 300, na tuvijaze maji hadi pomoni, bila chumba cha rubani wala injini. Vyote 50 vitabeba takriban kilomita za ujazo 300, kama sehemu moja ya tisa ya Ziwa Victoria. Maji ya dunia ni kilomita za ujazo bilioni 1.4 hivi, kwa hiyo msafara mzima utalazimika kwenda na kurudi zaidi ya mara milioni nne na nusu. Sirius iko umbali wa miaka ya mwanga 8.6. Hata wakiwa na njia ya mkato angani, huo si wizi, ni ajira ya kudumu.

Na walivuka nini kufika hapa? Pembezoni mwa mfumo wa jua, wanaastronomia wanakadiria, kuna wingu la Oort, limetuzunguka pande zote na limejaa nyota mkia zenye barafu. Nyota mkia 67P, iliyotembelewa na chombo cha Ulaya Rosetta mwaka 2014, ina uzito wa tani bilioni 10, na sehemu yake ni barafu. Mvutano wake ni hafifu mno: Philae, mtambo wa kilo 100 hivi uliotua juu yake, ulidunda baada ya vyusa vya kujishikiza kukataa kufyatuka, ukakaa hewani karibu saa mbili kabla ya kugusa tena. Mzigo wa kutoka hapo haudai roketi yoyote ya maana. Kuiacha barafu hiyo na kushuka hadi duniani ni sawa na mkazi wa Mwanza kuligeuzia ziwa mgongo na kwenda kuchota barafu ya kilele cha Kilimanjaro.

Watetezi wa tamthilia husema labda walitaka deuteri, hidrojeni nzito inayofaa kwa nishati ya nyuklia. Baharini kwetu iko atomu moja kwa kila atomu 6,400 hivi za hidrojeni. Vipimo vya Rosetta vilionyesha kuwa maji ya 67P yana kiwango zaidi ya mara tatu ya hicho.

Chakula nacho hakina maelezo. Mtu huchukua miaka 15 hivi kufikisha kilo 50. Kuku wa nyama hufikisha kilo mbili kwa wiki sita. Sawa, mjusi ana uchu wake. Lakini katika mwendelezo wa 1984, The Final Battle, mwanadamu Robin anazaa mtoto na Mgeni Brian, na hapo biolojia inatupwa dirishani. Mbuzi ana kromosomu 60, kondoo 54, wanachungwa pamoja kila siku, na mimba zao karibu zote huharibika. Toleo jipya la ABC, 2009 hadi 2011, liliachana na maji likamfanya Anna, kiongozi wa Wageni, atake kuzaliana nasi: walitoka kwenye kosa dogo wakaingia kwenye kubwa.

Vumbi jekundu linalowaua Wageni ni kituko kingine. Kwenye tamthilia ya kila wiki iliyofuata The Final Battle tunaambiwa bakteria wake wanahitaji baridi ya kugandisha ili wazaliane upya, ndiyo maana Los Angeles haina kinga. Dar es Salaam na Mombasa zingekuwa na hali gani, mwandishi hakuhangaika kufikiri.

Chanzo cha udhaifu huu kinajulikana. Kenneth Johnson, mtunzi wa V, aliandika kwanza hadithi ya ufashisti kushika nchi ya Marekani, bila kiumbe wa angani hata mmoja. Kituo kikataka viumbe wa anga, na ufashisti ukavishwa ngozi ya mjusi. Ndiyo maana sehemu inayotisha kweli haihusu maji: ni pale wanasayansi wanapozushiwa njama, wanaorodheshwa, majirani wanaanza kuwachongea, na vijana wanajivunia sare za Wageni. Hapo nia ya adui inaeleweka bila maelezo, kwa sababu wanasayansi ndio watu wa kwanza ambao wangemgundua.

Sababu ya tatu ya Martin, watu kupelekwa vitani, ndiyo iliyostahili kubeba tamthilia nzima. Barafu imejaa kila upande angani, ila kiumbe mwenye akili, anayeweza kufundishwa silaha na kutii amri, hatujampata kwingine popote. Kiongozi wa Wageni mwenye vita na maadui wengine angekuwa na haki ya kuvuka miaka ya mwanga 8.6 kwa ajili hiyo, na angehitaji kwanza kupendwa, ashangiliwe, aandikishe vijana kwa hiari yao. Mambo hayo yote yamo tayari kwenye sehemu za mwanzo. Waandishi walikuwa nayo mkononi, wakaenda kuvuta bomba la maji.

Mtazamaji,
Morogoro