Leza ya makovu: niende au nisubiri?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa maji ya kunde, na chunusi za ujana zimeniachia mashimo mashavuni. Ingekuwa madoa tu ningevumilia, maana madoa hufifia. Mashimo hayafichwi na poda, na mwanga ukinipiga kwa ubavu ndiyo yanajichora zaidi. Nimeamua kuyafanyia leza, ule mwanga mkali wa kutibu ngozi. Kliniki wamenipa tarehe, nusu ya malipo nimeshatanguliza, na uso nimeanza kuuandaa: mafuta ya kuzuia jua yenye SPF 30 hata siku za mawingu, hakuna kusugua wala kung'oa vinyweleo kwa nta, na krimu yangu ya chunusi, tretinoini, nitaiacha siku chache kabla, kama nilivyoagizwa.

Kinachoninyima usingizi ni yale ambayo hawakuniuliza. Aliyenipokea aliutazama uso, akataja bei, akaandika tarehe, basi. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, ninayo nyuma ya sikio tangu nilipotogwa, lakini sikio langu hakuna aliyeligeuza. Nikichoka hunitoka vidonda vya homa mdomoni, na najua leza huweza kuviamsha vikasambaa usoni. Ndiyo maana watu wa aina yangu huanzishiwa vidonge kama asikloviri mapema. Hilo nalo kimya.

Kubwa kuliko yote ni isotretinoini, vidonge vya chunusi ambavyo nimevimaliza juzijuzi tu. Mfamasia wangu anasema nisikubali kuguswa kabla ya miezi 6, kwa kuwa ngozi iliyotoka kwenye dawa hiyo inaweza kupona vibaya na kuacha kovu jipya. Nilipopiga simu kliniki wakanijibu kwamba hiyo ni kanuni ya zamani. Nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa ngozi Marekani lilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuchelewesha leza inayotoboa vitundu vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati. Ila ile inayoondoa tabaka lote la juu hawakuishauri kwa aliye kwenye dawa hiyo.

Sasa yangu ni ipi? Nimeambiwa ni "leza ya kaboni dayoksaidi", nayo hufanya zote mbili, inategemea inavyotumika. Nilipouliza, dada wa mapokezi alicheka akasema daktari ndiye anayejua. Daktari mwenyewe nitamwona siku hiyohiyo ya leza, nikiwa nimeshapakwa dawa ya ganzi!

Tena ngozi yetu ikiungua hupenda kulipiza kwa weusi unaokaa miezi. Ndugu zangu wanasema niache kabisa, nimeumbwa hivi. Hilo sikuulizi, uamuzi nimeshafanya.

Ninachoomba unishauri ni hiki: nikidai kumwona daktari kwanza, kisha wajaribu kipande kidogo chini ya taya na tusubiri wiki kadhaa tuone kinavyopona, nitakuwa nimevuka mpaka? Nataka kulisema bila kuonekana namfundisha daktari kazi yake. Na wakikataa kuisogeza tarehe, niziache hela zangu niondoke, au kuna njia ya kuzidai?

Wako,
Mwenye Mashimo