Usifute rekodi ya jana usiku

Salim ndugu yangu,

Vipi hali, za siku nyingi, huku wazima. Najua nimekaa kimya mno na utanisema tukionana, poa, nisome kwanza alafu ndo unune.

Rehema kanifowadia ile mesej yako. Ati hivi vitetemeko vidogo ni heri, ufa wa ardhini unapumua, presha inatoka kidogo kidogo ili kubwa lisije, watu walale. Salim bana, hapana! Kwa nia njema najua, ila usiwaambie watu hivyo.

Kaa na kalkuleta. Ukubwa wa tetemeko ukipanda namba moja mchoro wa mtikiso kwenye kifaa unakua mara 10 lakini nishati inapanda kama mara 32, sasa kutoka 3 hadi 6 ni ngazi tatu, 32 mara 32 mara 32, unapata elfu thelathini na ushee. Yaani matetemeko ya 3 yanatakiwa mengi hivyo ndo yalipe deni la 6 moja. Na kawaida waliyoiona Gutenberg na Richter, wale wataalamu wa matetemeko, ni kwamba ukishuka namba moja idadi inaongezeka kama mara kumi tu, kwa hiyo kwa kila la 6 utegemee ya 3 kama elfu moja. Deni hilo linalipikaje?

Mzee Kombo naye kakaza upande wake, vidogo vikizidi basi kubwa liko njiani. Mwambie apoe. Pale Parkfield, California, la 6 lilikuwa linarudi kila baada ya miaka ishirini na kitu, na mwaka 1934 na 1966 lilitanguliwa na la 5 kama dakika 17 kabla. Wataalamu wakajaza vifaa, wakasema lijalo litafika kabla 1993 haijaisha. Likaja 2004, tena bila kutanguliwa na lolote la maana. Japani 2011 ikawa kinyume, Machi 9 la 7 na kitu, Machi 11 likafuata la 9. Lakini hiyo tarehe 9 nani angejua kuwa lile ni la kutangulia? Jina hilo linapewa baadae.

Ila kinachonikosesha raha ni Italia. L'Aquila 2009, vidogo vilitikisa kwa miezi, ofisa mmoja akasema kwenye mahojiano kwamba hali si mbaya kwa kuwa nishati inatoka, yaani maneno yako yaleyale, na Aprili 6 likaja la 6.3, wakafa watu zaidi ya 300. Ndo maana nakuganda.

Aya, shida yangu sasa. Tetemeko la jana usiku nimelipata vizuri mno kwenye kifaa changu cha kupimia mitetemo, halikuwa lori, maana lori linajaa taratibu na kuisha taratibu, hili lilianza kwa mstuko kama mstari umekatwa, P safi, yaani wimbi la kwanza, lile la mbio, kisha sekunde mbili na nusu baadae S, wimbi la pili, ikaingia nene, ya polepole. Hizo sekunde kati ya P na S zidisha kwa 8, kama kilomita 20 toka kwangu. Rehema kapata sekunde 4, kilomita 32. Nimechora miduara miwili kwenye ramani, wangu na wake, kila mmoja kwa umbali wake, inakatana sehemu mbili, moja iko juu ya ufa kabisa na nyingine iko nje huko upande wa pili, na roho inanituma nichague ya kwenye ufa ila huo si ushahidi. Nahitaji mduara wako. Saa ya kifaa chako kama bado inachelewa haina neno, nataka tofauti ya P na S tu. Na miduara ikiacha kapembe katatu katikati usishangae, tunapima mpaka chini lilikoanzia, sio juu ya ardhi.

Rekodi bado unayo au imeshajifuta? P yako ilianza ghafla au kelele ziliimeza? Kifaa umekiteremsha kwenye sakafu au bado kiko juu ya lile kabati linalocheza mtu akipita? Na mguu wa mama unaendeleaje, anatembea? Alafu ile mesej, ukiacha Rehema, umeshaituma kwa nani wengine?

Ni mimi,
Juma